Mashine ya Kamari na Pesa ya Chakula cha Mtoto

Leo hatuzungumzi juu ya malaria wala chanjo. Tunazungumza juu ya sanduku. Ni lile sanduku lenye taa za rangi lililowekwa kwenye kona ya duka, nyuma ya kinyozi, au ndani ya kibanda kilichofungwa pazia huko sokoni. Watoto wengine huliita mashine ya Wachina, wengine huliita bonanza. Linakula sarafu za shilingi kumi na za ishirini.

Pengine unajiuliza sanduku la kamari limeingiaje katika kipindi cha afya. Nitakueleza lilivyoingia katika kliniki yetu.

Mama mmoja alimleta mwanawe, kijana wa miaka 12. Mwalimu alikuwa amemrudisha nyumbani mara mbili kwa sababu ya kizunguzungu, na mara moja alianguka mstarini asubuhi. Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Damu ilikuwa imepungua kidogo. Tukampa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, tukamweleza mama habari za mboga na ndengu. Mama alisema kwamba humpa mtoto shilingi 50 kila siku za chakula cha mchana shuleni. Baada ya majuma matatu wakarudi, na uzito ulikuwa umeshuka tena. Ndipo muuguzi mwenzangu, ambaye ana watoto wa kiume watatu na hapendi kuzunguka maneno, alipomwomba mama akae nje kidogo. Akamwuliza kijana, "Pesa ya chakula huwa unaipeleka wapi?" Kijana akainamisha kichwa. Kwa muda wa miezi minne alikuwa akila mchana siku moja kwa juma, pengine mbili.

Mama alipoelezwa alilia. Kisha akainuka kutaka kumchapa pale pale. Tukamshika mkono. Alipotulia aliuliza swali moja: "Kwani hiyo mashine ina nini hata mtoto akubali kukaa njaa?" Siku ile nilimjibu kwa haraka, kwa maana foleni ilikuwa ndefu. Leo ninalo nafasi ya kulijibu vizuri.

Mashine hizi hazikuanza jana, wala hazikuanzia China. Mwaka 1891, huko Brooklyn, New York, kampuni ya Sittman na Pitt ilitengeneza sanduku lenye mapipa matano yaliyobandikwa picha za karata. Mtu alitia sarafu, akavuta mkono wa chuma, mapipa yakazunguka. Karata zikijipanga vizuri, mwenye baa alimpa zawadi, kama vile kinywaji au sigara. Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo mzizi wa mengine yote. Karata kamili ni 52. Katika sanduku lile waliweka 50 tu. Walizoea kutoa kumi ya shupaza na mzungu wa tatu wa kopa, na kwa kuziondoa hizo mbili walipunguza kwa nusu nafasi ya mchezaji kupata mpangilio wa juu kabisa. Mchezaji aliyesimama mbele ya sanduku hakuwa na njia rahisi ya kujua. Ni kama kununua debe la mahindi ambalo limebonyezwa chini.

Miaka michache baadaye, kabla ya mwaka 1900, fundi mmoja wa San Francisco aliyezaliwa Ujerumani, jina lake Charles Fey, alitengeneza mashine rahisi zaidi. Ilikuwa na magurudumu matatu tu, yenye picha za viatu vya farasi, nyota, karata na kengele. Aliiita Liberty Bell. Kengele tatu zikisimama pamoja, mashine yenyewe ilitema sarafu kumi za senti tano, yaani senti 50. Hapakuhitajika mtu wa kulipa. Fey hakuziuza mashine zake. Aliziweka katika baa za watu na kugawana mapato nusu kwa nusu na mwenye baa. Ukitaka kujua kwa nini mwenye duka lako la mtaa, mtu wa heshima na jirani mwema, amekubali kuweka sanduku lile, jibu linaweza kuwa hilo hilo. Mara nyingi mashine si yake. Mwenyewe huja kufungua na kuhesabu, na mwenye duka hupata fungu lake.

Na yale matunda je? Umewahi kujiuliza kwa nini mashine za kamari zina picha za cheri, ndimu na machungwa, kana kwamba ni genge la matunda? Mwanzoni mwa karne ya 20 miji na majimbo ya Marekani yalianza kuzipiga marufuku. Watengenezaji wakatafuta ujanja. Wakasema hii si kamari, hii ni mashine ya kuuza chingamu, ile ambayo wengi wetu tulikua tukiiita Big G. Ukitia sarafu unapata chingamu, na picha ya tunda inaonyesha ladha yake. Hata lile neno BAR ambalo liko kwenye mashine nyingi hadi leo lilitokana na alama ya kampuni ya chingamu. Kwa hiyo matunda yale ni alama ya zamani ya kukwepa sheria. Kwa mtoto yanaonekana kama mchezo wa watoto, na ndiyo sababu ninataka uyajue.

Wamarekani waliipa mashine jina la utani, jambazi mwenye mkono mmoja, kwa ajili ya ule mkono wa chuma. Siku hizi mkono umeondoka, ni kubonyeza tu. Kilichobadilika zaidi kiko ndani, na hapa naomba usikilize polepole.

Chukua mashine ya zamani yenye magurudumu matatu, na kila gurudumu lina nafasi 22 za kusimama. Kama picha ya ushindi mkubwa iko mara moja tu katika kila gurudumu, utaipata yote matatu mara moja katika michezo 10,648. Hiyo tayari ni nafasi ndogo. Mwaka 1984 mtu aitwaye Inge Telnaes alipewa hataza ya Marekani kwa njia mpya. Magurudumu yanazunguka kwa mapambo tu. Anayeamua ni kompyuta ndogo ndani ya mashine, ambayo huchagua nambari, na nambari ndiyo inayoliambia gurudumu lisimame wapi. Sasa, gurudumu unaloliona lina nafasi 22, lakini kompyuta yaweza kuwa na nambari 64 kwa kila gurudumu, au zaidi. Picha ya ushindi mkubwa inapewa nambari moja tu kati ya 64. Zile nafasi tupu zinapewa nambari nyingi. Nafasi yako ya kupata picha tatu inakuwa mara moja katika michezo 262,144, na macho yako bado yanaona gurudumu lile lile la nafasi 22.

Kuna hila nyingine juu ya hiyo. Nafasi tupu zinazopewa nambari nyingi zaidi ni zile zilizo juu na chini ya picha ya ushindi. Kwa hiyo gurudumu husimama mara kwa mara pale jirani, na mchezaji huiona picha ya ushindi ikiwa imekosa mstari kwa upana wa kidole. "Nimekosa kidogo tu!" Hajakosa kidogo. Nambari ilipochaguliwa alikuwa ameshakosa, hata kabla gurudumu halijaanza kupunguza mwendo.

Mashine za mtaani kwetu mara nyingi hazina magurudumu. Zina taa inayokimbia kuzunguka picha, na mtoto huweka sarafu yake kwenye tunda analolipenda. Lakini moyo wake ni ule ule, chipu yenye programu. Mtoto atakuambia, "Mama, mimi najua muda wake. Ikishakula sana lazima iteme." Hapana. Hata ingekuwa imekula kutwa nzima, haimdai mtu lolote. Na anayepangia mashine irudishe kiasi gani ni mwenye mashine au mtengenezaji, wala si bahati.

Hebu tufanye hesabu, tuseme mashine imepangwa irudishe shilingi 85 katika kila 100. Watu husikia hivyo wakaona si mbaya, ni shilingi 15 tu zinazobaki. Lakini shilingi 85 zilizorudi hazitoki dukani. Zinarudishwa mdomoni mwa mashine, na zinakatwa tena, na tena. Mchezo mmoja huchukua sekunde sita hivi. Kwa dakika moja ni michezo kumi, kwa saa moja ni 600. Ukicheza kwa shilingi 10 kila mara, umepitisha shilingi 6,000 kwa saa moja, na mashine kwa wastani imebaki na 900. Linganisha na kibarua cha kutwa cha kufua nguo au kuchuma chai. Mtoto mwenye shilingi 50 hafikishi saa. Dakika tano, kumi, chakula kimekwisha, na darasani ndipo tumbo linapoanza kunguruma.

Sasa turudi kwenye swali la yule mama. Mtoto anajua anapoteza, kwa nini anarudi?

Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alifanya majaribio mengi na njiwa katikati ya karne ya 20. Njiwa alidonoa kitufe akapata punje. Njiwa aliyepata punje kwa utaratibu unaojulikana alidonoa alipokuwa na njaa, akapumzika. Njiwa aliyepata punje mara moja moja, bila kujua ni donoa la ngapi litaleta, aliendelea kudonoa na kudonoa, hata punje zilipokoma. Skinner mwenyewe alilinganisha jambo hilo na mashine za kamari. Ubongo wa mwanadamu una kemikali iitwayo dopamini, na moja ya kazi zake ni kutusukuma kufuata kitu kizuri kinachoweza kuja. Kisichotabirika huisukuma zaidi kuliko kilicho hakika.

Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliangalia ubongo wa watu wakicheza mchezo wa aina hii. Walipokosa kidogo, sehemu za ubongo zinazoamka wakati wa kushinda ziliamka pia. Watu hao walisema kukosa kidogo kunaudhi, lakini kuliwapa hamu ya kuendelea. Mwaka 2010 watafiti wa Kanada walionyesha jambo lingine. Kuna mashine ambazo unaweka shilingi 50 zikigawanywa kwenye mistari mingi. Mstari mmoja unashinda, unarudishiwa 20, taa zinawaka na muziki unalia. Umepoteza 30, lakini mwili unasisimka karibu sawa na mtu aliyeshinda kweli.

Kuna ushahidi mwingine ambao sisi watu wa hospitali tuliupata bila kuutafuta. Baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka unaowapata wazee, huiga kazi ya dopamini. Wagonjwa wengine ambao hawakuwahi kucheza kamari maishani walianza kucheza baada ya kupewa dawa hizo. Ikiwa unamtunza mzazi anayetumia dawa za Parkinson na ukaona pesa zinapotea, mwambie daktari. Usiikatize dawa mwenyewe.

Kwa mtoto hali ni mbaya zaidi, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosema "acha, fikiria kesho," huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Yule kijana wetu hakuwa na tabia mbaya kuliko wenzake. Alikuwa na breki ndogo mbele ya gari kubwa. Na katika kamari zote, mashine ndizo zenye mwendo wa haraka. Breen na Zimmerman, watafiti wa Marekani, waliandika mwaka 2002 kwamba waliolemewa na kamari ya mashine walifika hapo kwa takriban mwaka mmoja tangu waanze kucheza mara kwa mara, ilhali wachezaji wa kamari nyingine walichukua takriban miaka mitatu na nusu. Kulemewa na kamari ni ugonjwa unaotambuliwa na Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa, karibu na ulevi.

Utajuaje? Mtoto wa kamari hanuki pombe wala hana macho mekundu. Tazama mambo madogo. Anarudi nyumbani na njaa isiyo ya kawaida ilhali ulimpa pesa ya chakula. Chenji ya dukani inapungua, kisha inapungua tena. Anachelewa kwa njia ambayo zamani ilimchukua dakika kumi. Anauza kalamu, anakopa kwa wenzake, anakasirika bila sababu, halali vizuri. Siku moja ana pesa nyingi na peremende za kugawia watoto wote wa ploti. Siku hiyo ya ushindi ndiyo ya kuogopa kuliko zote, kwa maana ndiyo itakayomrudisha mara mia.

Na si mtoto tu. Nimewaona akina mama wenzangu pia, na ninasema haya bila kumwonea mtu. Mume amelala, simu iko chini ya blanketi. Michezo ya magurudumu ya kwenye simu, na ule wa ndege inayopaa kabla haijatoweka, inaendeshwa na programu inayochagua matokeo kama ile ya sanduku la dukani, tofauti ni kwamba hakuna sarafu inayolia na pesa inatoka moja kwa moja kwenye M-Pesa. Ikiwa umewahi kuweka pesa ya chama ukitumaini kuirudisha kabla ya Jumapili, basi unajua ninachosema. Kurudi kufuata pesa iliyopotea ni dalili ya ugonjwa huu, kama vile kutetemeka kwa baridi ni dalili ya malaria.

Ufanye nini? Kwanza, usimchape. Sisemi hivyo kwa upole tu. Mtoto aliyechapwa hujifunza kuficha vizuri zaidi, na sisi kliniki tunampata akiwa amekonda zaidi. Kaa naye mahali pa faragha, umwulize kama yule muuguzi alivyouliza, kisha unyamaze umsikilize. Mwonyeshe ile hesabu ya shilingi 10 kwa kalamu na karatasi. Watoto wa umri huu wanachukia kudanganywa kuliko wanavyochukia kukatazwa.

Pili, ondoa sarafu njiani. Lipa chakula cha juma zima kwa mama anayepika shuleni, au mfungie chakula. Kama ni mtu mzima, mwombe mtu unayemwamini ashike pesa kwa muda, na usimlipie madeni yake kimya kimya, maana deni likilipwa bila mazungumzo, mashine inapata mteja mpya yule yule.

Tatu, mashine yenyewe. Sheria ya Kenya hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Ilikuwa hivyo katika sheria ya mwaka 1966 na ni hivyo katika sheria mpya ya mwaka 2025. Mwaka 2018 serikali ilifanya msako, na mashine nyingi zikakusanywa na kuteketezwa hadharani, lakini zilirudi, maana hata mlango wa nyuma ni mlango. Usiende peke yako kugombana na mwenye duka. Nendeni akina mama watano au sita, mzungumze naye kwanza kama jirani. Asiposikia, pelekeni habari kwa mzee wa nyumba kumi na kwa chifu. Katika mtaa wa yule kijana walikwenda akina mama wanane, na mwenye duka alisema kwamba hakujua wanatumia pesa ya chakula. Sijui kama ni kweli. Sanduku liliondoka mwezi ule ule.

Nne, msaada wa kitaalamu upo. Matibabu ni mazungumzo na mshauri, yanayomfundisha mtu kuitambua hamu inapokuja na kuiacha ipite. Uliza kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya kaunti yako, au umwulize mhudumu wa afya ya jamii anayekutembelea akuelekeze. Kwa habari za mtoto, piga simu 116, ni bure, mchana na usiku. Na mtu akisema kwamba hana sababu ya kuishi kwa ajili ya deni, usimwache peke yake hata kidogo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Yule kijana alirudi kwetu baada ya miezi miwili akiwa ameongeza kilo mbili na nusu. Mama yake sasa hulipa chakula kila Jumatatu asubuhi na kuandikiwa katika daftari. Nilimwuliza kijana kama bado anaikumbuka mashine. Akasema anaikumbuka kila akisikia muziki wake kwenye kituo cha matatu, ambako kuna nyingine, na kwamba sasa hupita upande ule wa pili wa barabara, karibu na posho mill.

Kipindi kijacho tutazungumzia kuhara kwa watoto wachanga na namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Uwe na kijiko cha chai na chombo cha lita moja karibu nawe.